Maswali ya Wasomaji: Muhula Mmoja Italia

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi, na mzazi mmoja, wenye safari ya Italia kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi wa Erasmus+. Tumejibu zile zenye maswali yanayowakuta wengi.

Nasoma mwaka wa pili, Dodoma, na nimeteuliwa kwenda Bologna kuanzia Septemba. Nimetumiwa fomu iitwayo Learning Agreement. Wenzangu wanasema nijaze kozi zozote, nitabadilisha nikifika. Ni sawa?

Kubadilisha utaweza, ila kujaza ovyo ndiko kunakowaponza wengi. Fomu hiyo ni mkataba wa pande tatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Sahihi ya chuo chako ndiyo ahadi kwamba utakachofaulu kule kitahesabiwa huku. Bila sahihi hiyo unaweza kurudi na alama nzuri, ukaambiwa urudie muhula.

Anza na hesabu ya krediti. Italia somo hupimwa kwa krediti ziitwazo CFU, ambazo ni sawa na ECTS, krediti za Ulaya. Moja ni saa 25 za kazi, za darasani na za kujisomea. Muhula ni 30, na masomo mengi yana 6, 9 au 12. Tanzania krediti moja ni saa 10. Kwa hiyo somo la CFU 6 ni saa 150, yaani krediti 15. Lakini ukilinganisha mwaka kwa mwaka, CFU 60 kwa krediti 120, somo lilelile linageuka krediti 12. Kwa masomo matano pengo ni krediti 15, nalo ni pengo la kukuchelewesha kuhitimu. Muulize mratibu wa idara yako anatumia hesabu ipi, na jibu alitoe kwa maandishi. Alama nazo vivyo hivyo: kule kufaulu kunaanzia 18 na juu kabisa ni 30, au 30 e lode kwa aliyezidi. Jedwali la kubadili alama hizo ulipate kabla hujapanda ndege.

Kisha fungua ukurasa wa kila kozi uangalie lugha inayofundishiwa, ngazi yake na muhula wake. Kozi za Kiingereza nyingi ziko ngazi ya uzamili, na wewe ni wa shahada ya kwanza, kwa hiyo uliza kama unaruhusiwa. Ongeza kozi mbili za akiba, mratibu azikubali mapema. Ratiba zikigongana wiki ya kwanza, na hugongana, mabadiliko yatahitaji tena sahihi zote tatu. Mwenye akiba iliyokubaliwa hahangaiki.

Niko Eldoret. Kwa ajili ya viza natakiwa kuonyesha nina pesa za kujikimu. Baba ni mkulima, akaunti yake haina kitu mpaka mahindi yauzwe. Nitanyimwa?

Ufadhili wako ndio ushahidi. Italia hupima uwezo wa mwanafunzi kwa kiwango cha posho yao ya wazee wasio na kipato, ambayo mwaka 2024 ilikuwa yuro 534.41 kwa mwezi. Posho ya Erasmus+ kwa anayetoka kwetu kwenda Italia ni yuro 850 au 900 kwa mwezi, kutegemea mwaka wa mradi. Umeshavuka.

Kinachokwamisha ni barua yenyewe. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, kiasi cha kila mwezi, idadi ya miezi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, sahihi na muhuri. Barua inayosema tu kwamba "amepata ufadhili" haitoshi. Irudishe waiandike upya. Tarehe za barua, bima na tiketi zikubaliane. Bima ya viza iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Unachoomba ni viza ya aina D ya masomo, ya kukaa zaidi ya siku 90, na ada yake ni yuro 50. Tangu Januari 2025 alama za vidole huchukuliwa kwa viza hizi pia, kwa hiyo weka nauli ya kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya viza.

Sasa jambo ambalo barua ya pongezi hailitaji: mara nyingi posho ya kwanza huingia baada ya kufika, kuripoti chuoni na kupata akaunti yenye IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti ya benki. Wiki kadhaa hupita hapo. Uliza ofisi ya chuo cha kule kama inatoa sehemu ya fedha kabla ya safari. Baba asiuze ng'ombe ili salio lionekane nono siku ya viza. Kama kuna cha kuuza, kiwe cha kodi na chakula cha hizo wiki za mwanzo.

Binti yangu amepata chumba Milano kwenye mtandao. Mwenye nyumba anasema yuko nje ya nchi, tutume amana ya kodi ya miezi mitatu kwa Western Union, funguo zitakuja kwa posta. Nitume? (Mama, Mombasa)

Mama, usitume hata senti. Amana ya miezi mitatu yenyewe si ajabu, sheria ya Italia inairuhusu. Ajabu ni mwenye nyumba asiyeonekana, funguo za posta na njia ya malipo isiyorudisha pesa. Huo ni mtego wa siku nyingi.

Binti aombe rasimu ya mkataba kwanza. Kwa muhula mmoja utakuwa contratto transitorio, yaani mkataba wa muda, wa mwezi mmoja hadi miezi 18. Ule maalumu wa wanafunzi huanzia miezi 6. Mkataba wa zaidi ya siku 30 lazima usajiliwe kwenye mamlaka ya kodi, Agenzia delle Entrate. Malipo yaende benki, kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba. Na ayajue maneno ya matangazo: singola ni chumba cha peke yake, posto letto ni kitanda tu katika chumba cha watu wawili au zaidi, spese escluse maana yake umeme, gesi na maji havimo kwenye bei. La salama zaidi ni kulipia hosteli ya wiki mbili, akaangalie vyumba kwa macho yake. Na kabla ya yote aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo.

Nimefika Padova siku nne zilizopita. Naambiwa kibali cha kukaa huombwa posta. Sielewi, mbona si polisi?

Yote mawili, posta kwanza. Una siku 8 za kazi tangu ulipoingia, kwa hiyo nenda kesho. Tafuta posta yenye dirisha la Sportello Amico, omba bahasha yenye mstari wa njano. Ni ya bure. Ndani jaza Modulo 1 kwa kalamu nyeusi na herufi kubwa. Weka nakala za pasipoti, viza, barua ya chuo na bima. Stempu ya serikali, marca da bollo ya yuro 16, inauzwa kwenye duka la sigara, tabacchi, lenye kibao cha herufi T. Bahasha usiifunge: karani lazima aone kilichomo. Utalipa yuro 70.46 kwa hati ya malipo iliyomo ndani, na 30 za posta. Pamoja na stempu ni yuro 116.46.

Utapewa risiti na tarehe ya kwenda Questura, makao ya polisi, kwa alama za vidole. Peleka picha nne na pasipoti. Risiti hiyo itunze kama pasipoti. Inakulinda ndani ya Italia, ila viza ikishaisha muda usiende nayo nchi nyingine ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja.

Angalia sana jina. Namba ya kodi, codice fiscale, ina herufi na tarakimu 16 zinazotokana na jina lako, jinsia, na tarehe na mahali ulipozaliwa. Mwanafunzi wa ukoo wa Juma huanza na JMU. Kama majina yake ya kwanza kwenye pasipoti ni Amina Salum, zinafuata MSL. Akijiandika Amina tu, zinakuwa MNA. Hizo tayari ni namba mbili tofauti, na benki inaweza kukataa kumfungulia akaunti. Andika majina yote kama pasipoti ilivyo, kila mahali. (Wasichana wasishtuke: siku ya kuzaliwa huongezwa 40, aliyezaliwa tarehe 9 anaandikwa 49.)

Masomo yanaisha kabla ya Krismasi. Nimekata tiketi ya kurudi tarehe 20 Desemba. Kuna tatizo?

Lipo, ibadilishe. Mitihani ya muhula wa kwanza hufanyika Januari na Februari. Kila somo huwa na tarehe zaidi ya moja, kila moja ikiitwa appello, nawe hujiandikisha mwenyewe kwenye mfumo wa chuo kabla ya siku ya mwisho. Jina lisipokuwepo kwenye orodha, huenda usifanye. Mitihani mingi ni ya mdomo, na baadhi ya wahadhiri huanza kwa kukuachia mada uipendayo. Iandae moja vizuri. Ukiona alama haikufai, mara nyingi unaweza kuikataa na kurudi tarehe nyingine. Ndiyo maana tiketi ya kurudi isiwe ya siku moja baada ya appello ya kwanza.

Naenda Napoli na Kiitaliano sijui hata salamu. Nitapata wapi wa kunifundisha kwa bei nafuu?

Chuo cha L'Orientale, hukohuko Napoli, kinafundisha Kiswahili. Kuna Waitaliano pale wanaohangaika na ngeli kama wewe utakavyohangaika na vitenzi vyao. Bandika tangazo: nusu saa Kiswahili, nusu saa Kiitaliano, mara mbili kwa wiki. Hamlipani kitu.