Kutoboa sikio sehemu ya juu: hukumu yake, udhu na kidonda

Swali: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni binti wa miaka 22, naishi Tanga na mama yangu. Ndewe zote mbili nilitogwa nikiwa mchanga. Sasa nataka kutoboa juu ya sikio, pale penye gegedu, nivae kipini kidogo. Mama amekataa. Anasema huko ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu, tena ni mambo ya wahuni. Anayetoboa mjini ni kijana wa kiume na anatumia bunduki ya kutobolea. Rafiki yangu alitobolewa, sikio likavimba hadi akalazwa. Je, inajuzu? Na nikitoboa, nitatawadha na kuoga vipi ikiwa nimeambiwa kidonda kisiguswe na maji?

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nianze na hoja ya mama, mwanangu, maana ndiyo iliyokutia wasiwasi.

Nadhani aya anayoikusudia ni ya 119 ya Suratun Nisaa, na kweli imetaja masikio. Shetani anaapa kuwa atawaamrisha watu wakate masikio ya wanyama, kisha atawaamrisha wabadili alivyoviumba Mwenyezi Mungu. Lakini Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakimpasua sikio ngamia na kumtenga kwa ajili ya masanamu yao, na ndiye bahira aliyekanushwa katika aya ya 103 ya Suratul Maida. Kilicholaumiwa ni kumfanya mnyama halali kuwa haramu kwa ajili ya sanamu. Tundu la hereni kwa mwanamke halimo humo, na dalili ni kwamba wanawake wa Madina walikuwa nayo mbele ya Mtume (s.a.w.) wala hakuwakataza. Amepokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas kwamba siku ya Idi Mtume aliswali rakaa mbili, kisha akawaendea wanawake pamoja na Bilal, akawahimiza kutoa sadaka, nao wakawa wanavua hereni zao na kuzitoa. Na katika hadithi ndefu ya Ummu Zar'i, aliyoipokea Bibi Aisha, yule mwanamke anamsifu mumewe kwa kuyajaza masikio yake mapambo mpaka yananing'inia.

Siwezi kukuficha kwamba Imam Ghazali, naye ni Shafi mwenzetu, alilikataa jambo hili hata kwa mtoto wa kike. Hoja yake ni kwamba kutoboa ni kujeruhi, na jeraha haliruhusiwi ila kwa haja kama kupiga chuku au kutahiri. Pambo, anasema, si haja ya kiasi hicho, kwani hereni inaweza kutundikwa juu ya sikio bila kutoboa, na bangili na mikufu inatosha. Wengi waliokuja baada yake wameruhusu kwa mwanamke, na Mahanafi na Mahanbali vilevile. Mimi nafuata rai ya wengi. Ila nakuomba ulishike lile neno lake, jeraha, kwa sababu tutalirudia.

Kuhusu uhuni, nadhani mama amesahau masikio ya bibi zake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na matundu kuanzia kwenye ndewe hadi juu ya ukingo wa sikio, na siku za harusi akiyajaza visokoto vya karatasi za rangi. Bibi wa aina hiyo walikuwa wengi katika pwani yetu, na hakuna aliyethubutu kuwaita wahuni. Kwa hiyo hoja ya uhuni, au ya kuiga makafiri, sioni pa kuisimamisha hapa. Hayo yote ni kwa wanawake. Kijana wa kiume asije akaichukua fatwa hii akaenda kutoga sikio, kwani Mtume amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake.

Tunabaki na jeraha. Ndewe ni nyama na mafuta, damu inapita humo kwa wingi, na kidonda chake hupona kwa wiki sita mpaka nane. Gegedu la juu halina mishipa ya damu ya kwake. Linalishwa na utando mwembamba uliolifunika. Kwa hiyo tundu la huko huchukua miezi, aghalabu sita hadi mwaka mzima, na vijidudu vikiingia chini ya ule utando, mwili hauna njia nyepesi ya kuwafikishia askari wake. Usaha ukijikusanya hapo gegedu hufa, sikio likajikunja, na halirudi tena umbo lake. Yaliyompata rafiki yako huenda ndiyo hayo. Alama yake ni kwamba sehemu ya juu inakuwa nyekundu, ya moto na yenye maumivu makali, huku ndewe chini imesalia salama. Ukiiona, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiipake asali ukangoja.

Na bunduki, mwanangu, haifai kwa gegedu. Inasukuma kipini butu kwa nguvu, inalipasua gegedu badala ya kulitoboa, na nyingi zina plastiki isiyostahimili joto la mashine ya kuulia vijidudu, basi hutoka sikio la huyu kwenda la yule. Damu ndogo isiyoonekana kwa macho inatosha kubeba homa ya ini. Kinachotakiwa ni sindano mpya yenye uwazi katikati, inayofunguliwa mbele yako na kutupwa baada yako, na kipini cha titani au dhahabu halisi. Vile vya bei ndogo mara nyingi vina nikeli, na ngozi za wengi hazipatani nayo.

Mtume amesema hakuna kujidhuru wala kudhuriana. Kwa hiyo jawabu langu ni hili: tundu lenyewe ni halali, lakini kulitoboa kwa ile bunduki ya huyo kijana sikuruhusu. Hata angekuwa na sindano safi ningekukatalia, kwa sababu sikio lako ni uchi mbele ya mwanamume asiye maharimu. Daktari wa kiume huruhusiwa kuliona kwa dharura ya ugonjwa, na kipini si ugonjwa. Mtafute mwanamke mwenye ujuzi, muuguzi kwa mfano. Na kama kwenu kuna mtu ambaye kovu lake huvimba na kuzidi kidonda chenyewe, jambo linalotupata sana sisi watu weusi, basi kwako wewe mlango huu umefungwa. Madhara yanayotarajiwa si mubaha, yaani hayaruhusiwi.

Hata hayo yakitimia, bado mama hajaridhika. Kipini ni jambo la hiari, na radhi ya mzazi katika la hiari ina uzito kuliko pambo. Msomee jibu hili, umkumbushe na bibi zake. Akikataa, ngoja. Kuna hereni za kubana zisizohitaji tundu, na Imam Ghazali atafurahi.

Sasa maji. Aliyekuambia kidonda kisiguswe na maji amekosea, kwani hicho kinatakiwa kioshwe. Katika udhu, kwa madhehebu yetu, kupaka maji masikio ni sunna. Ukiliacha lile bovu kwa siku za mwanzo, udhu wako umetimia. Josho la janaba au hedhi ndilo la kuangaliwa, kwa sababu maji lazima yafike kwenye ngozi yote ya nje. Mimina maji safi juu ya sikio yapite kwenye mdomo wa tundu, inatosha. Usivue kipini, maana tundu bichi hujifunga upesi, na usikizungushe kama walivyotufundisha zamani, kwani kukizungusha hukichimbua kidonda. Daktari akikuzuia maji kwa sababu ya usaha, osha mwili uliobaki na ufanye tayamamu kwa ajili ya pale.

Mara mbili kwa siku osha kwa maji ya chumvi ya duka la dawa, yaleyale ya dripu, kisha kausha kwa kitambaa safi. Spiriti hapana, huunguza nyama mpya. Bahari pia hapana. Ina chumvi, lakini ina na uchafu wa mji mzima. Lala upande wa pili. Mtandio uwe wa pamba laini na ubadilishwe kila siku, wala usibanwe kwa pini karibu na tundu. Tone la damu au majimaji kwenye mtandio linasamehewa katika swala. Yakiwa mengi, badilisha.

Ukiwa umefunga, kutobolewa hakufunguzi saumu, na kuosha nje ya sikio hakufunguzi. Chunga tu yasitiririke ndani ya tundu la kusikilizia, kwani kwetu kinachofika ndani humo hufunguza. Weka pamba, au osha usiku.

Wallahu aalam.