Ukitaka Polisi na Kaunti Wakujibu, Anza na Karatasi

Malalamiko mengi dhidi ya polisi na huduma ya ambulensi nchini Kenya hufia kwenye meza ya kwanza. Mlalamishi ana haki, ana uchungu, pengine ana hata mashahidi, lakini alichoandika ni "polisi walinipiga juzi jioni" au "ambulensi ilikawia mpaka mgonjwa akafariki". Afisa anayepokea barua kama hiyo hana pa kuanzia, na kama hana nia ya kuanza, amepata kisingizio. Barua yenye nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), nambari ya gari, saa na jina la kituo ni ngumu kuizungusha. Itabidi aipeleke mbele, au ajieleze kwa maandishi kwa nini hakuipeleka.

Kosa jingine ni kugonga mlango usiokuwa wenyewe. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa. Gavana hana amri juu ya OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, na diwani wako wa bunge la kaunti hana pia. Ambulensi ni kinyume chake: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja wazi kuwa kazi ya kaunti. Anayemlalamikia Waziri wa Afya kwamba gari la wagonjwa halina mafuta ataambiwa, kwa adabu na baada ya wiki kadhaa, aende kwa kaunti yake. Nambari za gari zitakusaidia kujua mwenyewe: gari la kaunti hubeba herufi CG baada ya namba ya kaunti, la serikali ya kitaifa huanza na GK. Magari mengi ya polisi, hata hivyo, ni ya kukodishwa na yana namba za kawaida kama za raia, kwa hiyo nakili namba hata kama unaona haifanani na ya serikali.

Kituoni

Kila ripoti inayopokelewa kituoni huandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB, na kupewa nambari. 45/12/5/2025 ni ripoti ya 45 iliyoandikwa tarehe 12 Mei 2025. Hesabu huanza upya kila siku, ndiyo maana "OB namba 45" peke yake haina faida kwa mtu yeyote. Omba uandikiwe nambari yote kwenye karatasi. Ukiambiwa "tumeshaandika, wewe nenda tu", usiondoke.

Kabla ya kuondoka omba pia usomewe kilichoandikwa. Hapa ndipo kesi nyingi hupotea bila mtu kujua. Umeeleza kwamba watu wawili unaowajua walikuvamia kwa panga, kitabuni imeandikwa kwamba ulikosana na jirani. Miezi sita baadaye wakili wa mshtakiwa atafungua ukurasa huo mahakamani na kukuuliza panga lilitoka wapi. Hakikisha yameingia majina, silaha, mahali, saa na mashahidi.

Kuandikisha ripoti hakulipiwi. Fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha yako, hailipiwi, hati ya kupotelewa na vitu hailipiwi, na bondi ya polisi hailipiwi. Dhamana ya pesa taslimu ni amana itakayorudi kesi ikiisha, na lazima utolewe risiti yake. Pesa uliyotoa bila risiti ihesabu kuwa hongo, hata kama aliyeipokea aliiita dhamana. Ukikataliwa huduma, muulize afisa jina na nambari yake ya kazi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa mwenye sare aweke jina au nambari hiyo mahali panapoonekana. Kisha omba kumwona OCS, na baada yake kamanda wa kaunti ndogo. Anayemlalamikia afisa wa kituo fulani si lazima aandikishe ripoti kituo hichohicho.

Kuhusu P3, tangulia hospitali. Daktari hujaza fomu kwa kutegemea maelezo ya matibabu ya siku ile, na aliyeenda kutibiwa baada ya wiki atakuwa na makovu tu ya kuonyesha. Mwambie kila mahali panapouma, si jeraha kubwa peke yake. Neno moja analochagua, kama ni dhara, dhara kubwa au ulemavu, ndilo linaloamua mshtakiwa atashtakiwa kwa kosa lipi: kati ya shambulio la kusababisha dhara la mwili lenye kifungo cha miaka 5 na lile la kusababisha dhara kubwa lenye kifungo cha maisha, tofauti inatokana na fomu hiyo. Ikishajazwa, ipige picha au toa nakala kabla ya kuirudisha, maana ya asili hubaki kwenye faili la polisi na mafaili yana tabia ya kupotea. Aliyedhulumiwa kingono asisubiri polisi kabisa: dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na hospitali hujaza fomu yake nyingine iitwayo PRC.

Mtu akikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka afikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, husogezwa hadi siku inayofuata ya korti. Ukikamatwa Ijumaa jioni, basi, unaweza kulala seli hadi Jumatatu na sheria isiwe imevunjwa, na wapo wanaoujua ujanja huo vizuri. Jamaa waandike saa ya kukamatwa mara moja, na wakifika kituoni waulize kama jina lake limeingia OB na limeingia saa ngapi. Mtu aliye seli bila kuandikwa yuko hatarini kuliko aliyeandikwa kosa la uongo.

Polisi wenyewe wakiwa ndio walalamikiwa

Kuna milango miwili. Kitengo cha Masuala ya Ndani kiko ndani ya polisi na kinafaa kwa nidhamu: hongo ndogo, matusi, kukataa kuandika ripoti. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, iko nje ya polisi, na ndiyo ya kuendea pakiwa na kifo, jeraha baya au mateso. Unaweza kulalamika kwa mdomo au kwa maandishi, na kuomba jina lako lisitajwe. Polisi wenyewe wana wajibu wa kuiarifu IPOA kila nguvu walizotumia zikisababisha kifo au jeraha baya, lakini usingoje wafanye hivyo.

Jua pia mipaka yake. IPOA huchunguza na kupendekeza. Anayeamua kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mtoto Samantha Pendo wa Kisumu, aliyekuwa na umri wa miezi sita, alifariki Agosti 2017 baada ya msako wa polisi uliofuata uchaguzi. Mahakama ya uchunguzi wa kifo iliwalaumu makamanda wa polisi mwaka 2019, na mashtaka dhidi ya maafisa yakatangazwa mwaka 2022. Mwendo ni huo. Faili lenye ushahidi tangu wiki ya kwanza ndilo linalovumilia mwendo kama huo.

Ushahidi unaopotea haraka kuliko wote ni picha za kamera. Mifumo mingi huandika picha mpya juu ya za zamani baada ya muda mfupi, na zipo pia zinazofutwa kwa makusudi. Albert Ojwang alipofia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi, Juni 2025, maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba aligonga kichwa ukutani mwenyewe. Uchunguzi wa maiti haukuafikiana na hadithi hiyo, na IPOA ikabaini kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Kwa hiyo siku hiyohiyo, au kesho yake, andika barua fupi kwa OCS na nakala kwa IPOA: "Naomba picha za kamera za tarehe fulani, kuanzia saa hii hadi saa hii, zihifadhiwe zisifutwe." Peleka barua hiyohiyo kwa wenye maduka na vituo vya mafuta vilivyo karibu, ambao kwa kawaida hutoa upesi zaidi. Panapo kifo, familia itafute daktari wake wa kushuhudia upasuaji wa maiti kabla haujaanza. Maiti ikishazikwa, kuifukua kunataka amri ya korti.

Usalama si jambo la kupuuza. Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri waliuawa Juni 2016, na kiini chake kilikuwa malalamiko ya Mwenda kwa IPOA dhidi ya afisa aliyempiga risasi. Waliohusika walipatikana na hatia mwaka 2022. Usiende peke yako, acha nakala za kila karatasi kwa watu wawili wasioishi nawe, na ukianza kutishwa ombea mashahidi ulinzi kwa Shirika la Kulinda Mashahidi mapema.

Kama unataka fidia, kumbuka miezi 12. Madai ya kawaida ya madhara dhidi ya serikali hufungwa baada ya mwaka mmoja, ilhali mengine ya kuumizwa dhidi ya raia huwa na miaka 3. Wengi husubiri uchunguzi umalizike ndipo wamtafute wakili, na kufikia hapo muda umekwisha. Mambo hayo mawili huenda sambamba.

Ambulensi

Kusema "ilichelewa" hakutoshi, kwa sababu safari ya mgonjwa ina vipande, na kila kipande kina mwenyewe. Andika saa ya kupiga simu na namba uliyopiga, saa simu ilipopokelewa, saa gari lilipofika, saa lilipoondoka na mgonjwa, saa lilipofika hospitali, na saa mgonjwa alipopokelewa ndani. Kumbukumbu ya simu yako tayari ina saa ya kwanza. Ipige picha kabla haijafutika. Mwaka 2015 Alex Madaga alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi jijini Nairobi. Gari lilikuwapo, na mhudumu alikuwapo. Anayelalamikia ambulensi katika mkasa wa namna hiyo amemkosa mhusika, kwani kilichokwama ni hospitali kupokea. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kwamba dharura ni pamoja na huduma kabla ya hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake na kumpangia rufaa. Kudai amana kwanza ndipo mtu ashughulikiwe ni kosa. Lalamiko la hospitali hupelekwa kwa baraza la madaktari, KMPDC.

Kama lililokwama ni gari lenyewe, usiulize kaunti "kwa nini". Utajibiwa kwa hotuba. Omba karatasi. Kila gari la serikali lina fomu ya safari, ambayo madereva huiita work ticket, yenye tarehe, mwendo wa kilomita, mafuta na sahihi ya aliyeidhinisha. Ukiwa nayo utaona kama ambulensi ilikuwa gereji, haikuwa na mafuta, haikuwa na dereva wa zamu ya usiku, au ilikuwa imebeba wageni wa mkutano. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili, na huna haja ya kusema unaitakia nini. Barua yenyewe ni hivi:

"Kwa Katibu wa Kaunti. Mimi, fulani, raia wa Kenya, kitambulisho namba fulani, kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za: fomu za safari za ambulensi namba hii kuanzia tarehe hii hadi hii; orodha ya zamu za madereva wake kwa siku hizo; na rekodi ya simu za dharura zilizopokelewa tarehe hii kati ya saa mbili na saa sita usiku."

Omba vitu vitatu au vinne, si kumi. Ombi refu hupewa jibu la "habari ni nyingi mno". Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri huo huna siku ya kuanzia kuhesabu. Ofisi ina siku 21 kujibu, na inaweza kujiongezea hadi 14 mara moja tu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48, na uandike hivyo juu kabisa ya barua. Ombi halilipiwi, ni gharama ya kutoa nakala tu. Kimya huhesabiwa kuwa kukataliwa. Ukikataliwa una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Ambatisha barua yenye muhuri, ndiyo watakayoiuliza kwanza.

Mara nyingi utagundua kwamba tatizo lilianzia kwenye bajeti: gari lilinunuliwa, likazinduliwa kwa ngoma na kukatwa utepe, na hakuna fungu lililotengwa kwa matairi, oksijeni wala mshahara wa dereva wa pili. Makadirio ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Yasome kwenye idara ya afya, tafuta mstari wa mafuta na wa matengenezo ya magari, ulinganishe na mwaka uliotangulia, kisha peleka ombi rasmi lenye sahihi kwa karani wa bunge la kaunti wakati kamati bado inapokea maoni. Mwezi Julai mwaka mpya wa fedha unakuwa umeshaanza, na utaambiwa usubiri bajeti ya nyongeza.