Deni la Shahada na Kiti Kibovu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, kukopa ili kusoma shahada ya elimu maalumu kunalipa?", nililisoma nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Jibu langu la papo hapo: hakulipi.

Hesabu ninayo kichwani. Sheria iliporekebishwa mwaka 2016 na makato ya Bodi ya Mikopo yakapanda kutoka 8% hadi 15% ya mshahara wa msingi, mimi nilikuwa TGTS D1, daraja la mshahara analoanzia mwalimu mwenye shahada, shilingi 716,000. Bodi: 107,400. Pensheni, 5%: 35,800. Bima ya afya, 3%: 21,480. Chama cha Walimu (CWT), 2%: 14,320. Jumla 179,000, robo kamili ya mshahara, na hapo kodi haijapita, wala ule mkopo wa benki ambao karibu kila mwalimu ninayemjua anao ila hausemi. Mwenzangu wa Historia, tuliyeripoti naye siku moja, alikuwa D1 vilevile. Hilo neno "maalumu" kwenye cheti changu halikuniongezea hata senti.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nyie mmeuliza habari ya kipato, na mimi kinachoniwasha ni kingine: ule mkopo ulininunulia nini?

Siku ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu alinipeleka kwenye kitengo cha viziwi, akanitambulisha kwa matroni kama "mtaalamu wetu kutoka chuo kikuu". Nilikuwa nimevaa tai. Darasani walikuwepo watoto kumi na mmoja wa madarasa yaliyochanganywa, ubao uliopauka, na kiti kimoja cha mwalimu. Lugha ya Alama nilikuwa nimeisoma muhula mmoja, tukiwa ukumbini watu zaidi ya mia, na mtihani wake ulikuwa wa kuandika. Ndiyo, wa kuandika. Nilipata B+.

Nikawasalimia kwa alama. Wakatazamana. Mvulana mmoja wa mbele, wa miaka tisa hivi, akaanza kuniambia jambo kwa mikono, haraka haraka, huku akinionyesha kwa kidole. Nikadhani ananiuliza jina. Nikalitamka kwa vidole, herufi moja moja, kama tulivyofundishwa. Akatikisa kichwa, akarudia, safari hii akiwa amesimama. Nikadhani anaomba kwenda chooni, nikamwonyesha mlango. Hakwenda. Wenzake nao wakaanza kupunga mikono. Nikajisemea, hawa watoto wamenipokea vizuri jamani. Nikatabasamu, nikawapa dole gumba, nikavuta kiti nikakaa.

Mguu wa nyuma wa kile kiti ulikuwa umeegeshwa tu. Nilikwenda chali, tai ikanifunika uso. Watoto viziwi wakicheka wanacheka kwa sauti, asikudanganye mtu. Mwalimu Mkuu alirudi mbio kutoka ofisini. Matroni alinipa mkono nikainuka, akasema, "Pole, mwalimu. Alikuwa anakwambia hicho kiti kibovu."

Kila mtu pale kitengoni ana jina la alama, na mwenyewe hujichagulii, unapewa. Langu lilipatikana kabla ya chai ya saa nne: kiganja kimoja kimelala, vidole viwili vya mkono wa pili vimesimama juu yake, halafu vinapinduka. Hadi leo ndilo jina langu. Mzazi akija kuniulizia, watoto wanapindua vidole.

Matroni yule aliishia darasa la saba. Kifungua mimba wake ni kiziwi, ndiko alikoipata lugha. Alikuwa akilipwa posho inayochangwa na wazazi, mwezi ambao wamechanga. Kwa miezi sita, jioni watoto wakishakula, alikaa na mimi kwenye ngazi za bweni akinifundisha kazi ambayo serikali ilinikopesha mamilioni nikaisomee. Malipo yake yalikuwa sukari kilo mbili na, mwisho wa mwaka, doti moja ya kitenge.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema shahada haina maana. Sasa nasita. Matroni alinipa mikono, lakini hakuweza kunipa jina la hali ya yule binti wa darasa la pili aliyeletwa kwetu kama kiziwi kumbe anasikia; mimi niliona dalili za usonji na nikajua pa kumpeleka akapimwe. Hilo nililipata kwenye mihadhara, sikulipata kwenye ngazi za bweni. Na kusema haki, lile deni halikuniua. Tozo ya 6% iliyokuwa ikilivimbisha kila mwaka iliondolewa 2021, na baada ya hapo nilianza kuona salio linashuka kweli. Nimelimaliza juzi juzi. Mwezi wa kwanza bila kukatwa nilidhani mhasibu amekosea.

Ila mimi niliajiriwa mapema. Tuliambiwa ajira za fani hii ziko nje nje. Leo nawajua vijana wenye shahada hiyohiyo wanaouza vocha wakisubiri tangazo la ajira. Kwa hao hesabu yangu haina kazi, na sina cha kuwaambia. Na aliye na nafasi ya kuanza na diploma pale Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, akaajiriwa, kisha akajiendeleza huku mshahara unaingia, naona huyo ana akili kunishinda.

Sasa mtanicheka. Jumanne iliyopita mpwa wangu amekuja na fomu ya mkopo. Kachagua elimu maalumu. "Mjomba, hapa kwenye mdhamini, saini tu," akasema. Nimesaini. Sharti langu lilikuwa moja: likizo hii, kabla chuo hakijafunguliwa, akakae mwezi mzima kwa matroni. Matroni kakubali. Kasema aje na daftari, na sukari asisahau.