Shangazi, pesa za chama zilitumika na sasa naitwa mwizi

*Shangazi, mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kayole, na mweka hazina wa chama chetu cha kanisani, watu 12. Michango huja kwa laini yangu. Januari Sh48,000 zilitumika. Mke wangu alikuwa amenibana sana kuhusu karo, na mwenyekiti hajawahi kuuliza hesabu hata siku moja. Shetani alinipitia. Nimefunga siku tatu na najua Mungu amenisamehe, lakini chama kimegundua. Nyumbani nako mke hanisemeshi. Nifanyeje wanielewe?*

Mwanangu, soma barua yako tena utafute mahali ulipoandika "nilitumia". Hutapaona. Pesa "zilitumika", mke "alibana", mwenyekiti "hakuuliza", Shetani "alipitia". Tendo pekee ulilokubali kuwa lako ni kufunga.

Hiyo -ika yetu ni maficho mazuri. Kikombe huvunjika, pesa hutumika, na aliyeshika haonekani. Haruni aliijua mbinu hii: Musa alipomwuliza habari za ndama, alijibu kwamba aliitupa dhahabu motoni, akatoka ndama (Kutoka 32:24). Kana kwamba ndama alijiumba! Adamu naye alimtaja mkewe, na ukiangalia vizuri Mwanzo 3:12, alimgusa hata Mungu aliyempa huyo mke. Daudi, ambaye alikuwa ameua, alipobanwa na Nathani alijibu, "Nimemfanyia BWANA dhambi." Hakumtaja Bathsheba.

Anza nyumbani, kabla ya chama. Mwambie mkeo: "Karo ilikuwa shida yetu sote. Kuchukua pesa za watu kulikuwa kwangu, na nilikosea kukutupia." Kisha unyamaze. Ukiongeza "lakini", bora usingeanza.

Halafu toa taarifa ya M-Pesa ya miezi yote uliyoshika pesa, uende nayo kwa mwenyekiti pamoja na daftari. Jiuzulu mwenyewe, usingoje kuondolewa. Ni kweli alizembea kwa kutokagua, na sikuombi ubebe mzigo wake. Ila hilo ni lake kulisema. Likitoka kinywani mwako, linageuka utetezi.

Kwa wanachama, simama mbele yao, usitume ujumbe WhatsApp. Taja kiasi, taja mwezi, useme "nilichukua". Usiseme "kama kuna niliyemkosea", maana unajua wapo 11. Usianze pia kulia kwamba wewe ni mtu bure, hufai kuishi. Wengi hudhani huo ndio unyenyekevu, kumbe unawageuza waliokosewa kuwa wafariji wako. Ulichukua Sh48,000. Kiri hizo, si pungufu, wala usijivike dhambi za dunia nzima.

Pesa zirudi. Hesabu 5:7 inamtaka aliyekosa arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwako nyongeza ni 9,600, jumla 57,600, yaani 4,800 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Sikuwekei sheria ya Musa shingoni, na Zakayo aliahidi mara nne bila kulazimishwa, lakini nyongeza hiyo inaonyesha unajua pesa zao zilikaa kwako bila ruhusa. Kama kazi ya pikipiki haitoi 4,800 bila kugusa kodi ya nyumba, omba 2,400 kwa miezi 24. Watu huharibu hapa: wanaahidi kikubwa siku ya machozi, wanakwama mwezi wa tatu, na lawama zinawarudia wateja wasiolipa. Yaandikwe, mtie sahihi.

Wanaweza kukubali, wanaweza kukupeleka kwa chifu au polisi. Ni haki yao. Usiwarushie ile "saba mara sabini". Yesu alimwambia Petro aliyekuwa akiuliza atasamehe mara ngapi, hakuwapa wadaiwa wapigie nayo wanaowadai. Na kuhusu kufunga: Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Siku tatu za njaa zilikuwa rahisi kuliko dakika tano mbele ya wale 11, nafikiri ndiyo maana ulizitanguliza.

Umeuliza wakueleweje. Wameshaelewa, mwanangu. Wanangoja kusikia kama na wewe umeelewa. Zungumza na mkeo leo usiku, watoto wakishalala.