Pinki sebuleni: kwa nini ukuta wa krimu unaonekana mchafu?

SWALI: Sebule yangu ina kuta za krimu na makochi ya kahawia. Nimetundika mapazia ya pinki, na tangu hapo kuta zinaonekana chafu, na usiku mapazia yenyewe yanakuwa kama zambarau. Nilikosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pinki haina kosa, ila hiyo uliyochukua haipatani na krimu. Shika pazia kando ya karatasi nyeupe mchana, karibu na dirisha. Likivuta kwenye zambarau, hiyo ni pinki ya baridi. Krimu ina unjano ndani yake, na pinki ya baridi inauchokoza mpaka jicho linauona kama uchafu. Inayokaa vizuri na krimu na kahawia ni pinki ya nyama ya pera, ile yenye uchungwa kwa mbali.

Ya usiku ni balbu. Soma boksi lake: kama limeandikwa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wake una ubuluu, na ndio unaoivuta pinki kwenye zambarau. Weka ya 2700K au 3000K, kisha uangalie tena kabla hujatoa pesa kwa mapazia mengine.

Kama bado hupendezwi, hamishia mapazia hayo kwenye chumba chenye kuta nyeupe. Kwa maoni yetu pazia ni kitu kikubwa mno kubeba pinki kwenye sebule ya kahawia. Mito minne na chombo kimoja cha maua vinatosha kabisa. Foronya nne za sentimita 45 kwa 45, za kufunika nyuma bila zipu, zinahitaji meta 1.75 za kitambaa chenye upana wa meta 1.5. Kwa kila foronya kata kipande cha mbele 48 kwa 48 na viwili vya nyuma 48 kwa 33, vitakavyopandana. Kama ni pamba, nunua meta 2, ufue kitambaa kwanza ndipo ukate, la sivyo kitasinyaa baada ya kushonwa. Ndani weka mto wa sentimita 50: foronya itajaa na pembe hazitalegea.

SWALI: Nataka ukuta mmoja wa chumba cha kulala uwe pinki. Mwaka jana tulipaka, rangi ikafanya malengelenge na kutoa unga mweupe. – Msomaji, Tanga

JIBU: Unga huo ni chumvi. Maji yaliyo ndani ya ukuta huyeyusha chumvi za saruji na mchanga, yakifika usoni hukauka, chumvi inabaki ikiisukuma rangi. Usiuoshe, maana maji yatairudisha chumvi ndani. Kwangua kwa brashi kavu. Tafuta maji yanakotoka (bomba, paa, au udongo uliorundikwa nje ya ukuta) na uzibe huko kwanza.

Kisha bandika kipande cha nailoni, nusu meta kwa nusu meta, ukizibe kwa utepe wa gundi pande zote nne. Kiache saa 48. Ukikuta matone upande unaogusa ukuta, subiri, hata fundi akikuharakisha. Ukuta ukikauka, piga msasa, paka praima inayostahimili chokaa na saruji, halafu rangi ya maji mikono miwili. Rangi ya mafuta hapo hapana, inafungia unyevu ndani.

Ukuta wa meta 4 kwa 2.8 una meta za mraba 11.2. Lita moja hufunika takriban meta za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo ndoo ya lita 4 inatosha na kubakiza ya marekebisho. Ikichanganywa kwa mkono, ichanganywe yote mara moja: pinki ya kukadiria kwa jicho hairudi ile ile mara ya pili, na kiraka kitaonekana kutoka mlangoni. Omba itengenezwe kwa nyekundu ya oksaidi, ile ya rangi ya tofali. Pinki yake ni tulivu, na karibu na dirisha haipauki haraka kama ile inayotokana na nyekundu kali.