Faini ya mbolea na kodi ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani): soma amri kabla ya kusaini

Msimu wa kodi ukifika, wachanganyaji wa mbolea ninaowatunzia vitabu hapa Marekani huniuliza swali lile lile: faini tuliyopigwa na jimbo, tunaweza kuitoa kwenye mapato kama gharama ya biashara? Kwa kawaida, hapana. Ila kuna sehemu inayoweza kuokolewa, na inategemea amri ya jimbo imeandikwaje.

Mkaguzi wa jimbo huchota sampuli, maabara ikapima. Mbolea iliyoandikwa 10-10-10 (yaani asilimia 10 kila moja ya naitrojeni, fosfeti na potashi) ikikutwa na naitrojeni pungufu kupita kiwango kinachovumiliwa, unadaiwa. Majimbo kadhaa hutoza mara tatu ya thamani ya kirutubisho kilichopungua, na pesa hupewa mkulima aliyenunua. Asipopatikana, huchukuliwa na jimbo.

"Lakini nimemlipa mkulima, si serikali!" Haikusaidii sana siku hizi. Tangu sheria ya kodi ya Desemba 2017, kifungu cha 162(f) cha sheria kuu ya kodi ya Marekani kinazuia kutoa kwenye mapato hata malipo unayompa mtu mwingine kwa agizo la serikali, kama yanatokana na kuvunja sheria. Yanayosalimika ni fidia, gharama za kurekebisha madhara na gharama za kutimiza matakwa ya sheria, tena pale tu amri au makubaliano yanapoyataja hivyo, nawe una ushahidi wa malipo.

Kwa hiyo usisaini haraka. Iombe ofisi ya jimbo iliyokupiga faini kwa maandishi itenganishe kiasi: thamani halisi ya upungufu itajwe kuwa ni fidia kwa mnunuzi, na kilichozidi kibaki adhabu. Hicho kilichozidi mimi sikipiganii. Ukishalipa, weka hundi na ripoti ya maabara faili moja.

Usidanganyike kwa kutoiona Fomu 1098-F, ambayo serikali huitumia kuripoti faini kwa IRS na kwako. Serikali hulazimika kuitoa malipo yakifika dola 50,000, na faini ya shehena moja ya mbolea ni nadra kufika huko. Kifungu kinakubana vilevile.

Kwenye leja, ada ya ukaguzi ya kila tani ni gharama halali. Nyongeza ya kuchelewesha ripoti ya tani ulizouza ni adhabu, ingawa wahasibu wengi huzirundika zote kwenye "leseni na ada".

Mkulima akikushtaki mwenyewe, serikali isiwe upande wowote wa kesi, kifungu hiki hakihusiki, na fidia utakayomlipa huingia kwenye gharama zako za kawaida.