Besi ya mtumba, shingo imepinda: ninunue au niache?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi niko Igoma hapa Mwanza, naimba kwaya ya kanisani, sasa mpiga gitaa la besi wetu kahamia Geita na mwalimu wa kwaya kasema nijifunze mimi. Kuna jamaa Kirumba anauza besi ya mtumba ya nyuzi tano, laki tatu na nusu, kichwani imeandikwa Fender. Nilivyoishika nyuzi ziko juu mpaka vidole vinauma, alafu ukizungusha volyumu inakwaruza. Yeye anasema shingo imepinda kidogo tu inarekebishika. Mjomba nae ananiambia nianze na gitaa la solo kwanza. Nifanyeje? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mjomba muheshimu ila hapa simuungi mkono, besi unaanza nayo moja kwa moja na wapigaji wengi tu wazuri hawajawahi kupita kwenye solo, kwaya inakusubiri wewe uanze kesho.

Sasa hiyo besi. Kukwaruza kwa volyumu kusikutishe kabisa, mara nyingi ni vumbi au kutu kwenye kile kitufe kwa ndani, fundi redio yeyote wa mtaani anakipulizia dawa ya kusafishia au anakubadilishia, na jeki (tundu la kuchomekea waya) ikiwa imelegea vilevile anachomelea lisaa limoja umemaliza. Kinachokula hela ni shingo, na hapo muuzaji kakwambia nusu ya habari maana kuna kupinda na kuna kujisokota.

Kupinda kwa kuinama mbele kama upinde kunatibika, ndani ya shingo kuna nondo nyembamba ya chuma inayokazwa na aleni (ufunguo wa pembe sita) na ukiikaza shingo inarudi nyuma. Kujisokota ni pale upande wa uzi mnene umeelekea kwingine na upande wa uzi mwembamba kwingine, hiyo nondo haiwezi kuinyoosha na sijui kwanini watu wanazidi kuuziana. Kwaiyo nenda mchana kwenye mwanga, shika besi uilaze usawa wa jicho uangalie kutoka kichwani kuelekea kwenye bodi, zile freti zote (vyuma vilivyokatiza shingo) zinatakiwa zilale sambamba, ukiona za mwisho zimeegemea upande mmoja rudisha besi kwa mwenyewe, mshukuru, ondoka, hata akishusha mpaka laki.

Kama imeinama tu, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwa mkono mwingine kwenye ile ya mwisho, alafu angalia katikati kwenye freti ya 7 au ya 8. Uwazi wa unene wa karatasi ngumu ni sawa. Ukiona uwazi mkubwa mwombe aikaze ile nondo mbele yako, robo mzunguko tu kwanza, asitumie nguvu. Nati ya nondo ikigoma au ikizunguka bure bila kushika chochote basi hiyo "inarekebishika" haipo.

Alafu usiondoke bila kuichomeka kwenye spika. Piga kila uzi kwenye kila freti, ndio kila freti, taratibu, sikiliza panapokufa sauti au panapolia zzz. Weka programu ya kutyuni kwenye simu, uzi ukiwa tupu (bila kubonyezwa) uko sawa ila kwenye freti ya 12 sauti inapanda, sio kesi, kile kikalio cha uzi kwenye daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye bodi) kinasogezwa nyuma mbali na shingo.

Jina la kichwani usililipie. Fender wameanza kuuza besi ya umeme mwaka 1951 na nakala za bandia ni nyingi, stika inabandikwa na yeyote. Kwa mwanafunzi Yamaha au Ibanez ya kawaida yenye shingo nzima ni bora kuliko Fender ya mashaka.

Nyuzi tano au nne? Mi ningekwambia nne zinakutosha, shingo ni nyembamba zaidi na mkono unazoea haraka. Uzi wa E, ule mnene wa besi ya nyuzi nne, ukiwa tupu ni hezi 41 (mitetemo kwa sekunde) na ule B wa chini unaoongezwa kwenye nyuzi tano ni kama 31, spika nyingi ndogo za kanisani hazifiki chini huko, utakuwa unaupiga tu hausikiki vizuri. Ila kama shingo ya hiyo ni nzima na bei inashuka chukua tu, zote tano utazizoea. Na nyumbani usiichomeke kwenye ampu ndogo ya gitaa la solo ukafungulia sana, spika itachanika.

La mwisho, vyombo vya kanisa vinaibiwa sana. Muulize kaipata wapi, na mkikubaliana andikishaneni kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, akianza kuzungukazunguka kwenye hilo usitoe hela. Ikipita yote hayo anza na laki mbili na nusu, mwambie wazi kwamba nyuzi mpya na fundi wa volyumu ni juu yako.